Karani Anaeli Thomasi Akyoo na Shauri la Lesian Mollel

Mchungaji, wazee wa usharika, majirani wa Akheri na Sing'isi, watumishi wa mahakama mliofika, na ninyi ndugu zetu mliotoka Terrat na Sombetini, mimi ni Nathanael Thomasi Akyoo, kaka wa marehemu kwa baba na mama, na familia imeniomba niwasomee maisha ya ndugu yetu. Nimeyaandika kwa mkono wangu, macho yangu si mazuri, kwa hiyo nikisimama katikati ya mstari naomba mnivumilie.

Marehemu Anaeli Thomasi Akyoo alizaliwa hapa Akheri siku ya Jumapili, tarehe 14 Machi 1948, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Thomasi Akyoo, mkulima wa kahawa, na Mama Nosim Laizer, Mwarusha aliyeolewa huku kutoka upande wa magharibi wa mlima. Kwa sababu ya mama yetu, sisi tulikua na lugha mbili, Kimeru cha baba shambani na Kimaasai cha mama jikoni, na Kiswahili tulikipata shuleni. Mimi Kimaasai kilinipotea mapema, lakini Anaeli alikishika, na mama alipokuwa na wageni wa kwao yeye ndiye aliyekaa karibu na mlango akisikiliza mpaka mwisho.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1956, akamaliza darasa la nane mwaka 1963, akabaki nyumbani miaka miwili akimsaidia baba kwenye kahawa, na mwaka 1966 alikwenda Moshi kujifunza kupiga chapa. Tarehe 1 Julai 1967 aliajiriwa kuwa karani wa mahakama, na baada ya vituo viwili alihamishiwa Mahakama ya Mwanzo ya Engarasaa, alikokaa hadi alipostaafu. Kwa kuwa alijua lugha zote tatu alifanywa pia mkalimani, ingawa katika barua yake ya ajira neno hilo halikuandikwa.

Tarehe 20 Desemba 1975 alifunga ndoa hapa usharikani na Hanna Yona Nasari wa Sing'isi, aliyeketi hapa mbele yetu, na Mungu aliwajalia watoto watatu, Nelson aliyezaliwa mwaka 1977, Diana aliyezaliwa mwaka 1980, na Elieshi aliyezaliwa mwaka 1985. Anaacha pia wajukuu saba.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo marehemu mwenyewe aliagiza lisomwe. Juzi jioni, tulipokaa kikao cha familia, Nelson aliniambia, "Baba mkubwa, hili tuliache. Watu wanakuja kuzika, hawaji kusikiliza kesi." Mama yake alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa, akasema, "Baba Nelson alisema lisomwe. Litasomwa." Kwa hiyo nalisoma.

Siku ya Jumanne, tarehe 8 Machi 1983, aliletwa mahakamani hapo Engarasaa mtu mmoja wa Terrat, Lesian Mollel, umri wake miaka ishirini na saba, akishtakiwa kumjeruhi jirani yake Sakaya kwa fimbo mahali pa kunyweshea ng'ombe. Aliyempiga Sakaya hakuwa Lesian, alikuwa Lemburis, mdogo wake, na hilo lilijulikana Terrat nzima, ila askari walipofika ni Lesian aliyejitokeza. Kwa desturi ya wajomba zangu Waarusha, mtu wa nyumba fulani akimwaga damu ya jirani, mkubwa wa nyumba husimama mbele ya wazee, hulikubali kosa kuwa ni la nyumba yao, hulibeba yeye, ndipo fidia inapangwa na watu wanakula pamoja tena, na asipokubali, amani haina mahali pa kuanzia. Lesian hakuwahi kufika mahakamani maishani mwake. Alipowaona hakimu na wazee wawili wa baraza wameketi, aliona kikao cha wazee, na alipoulizwa kama mashtaka ni ya kweli, alisimama akasema kwa Kimaasai maneno ambayo marehemu aliweza kuyarudia mpaka mwezi uliopita: "Kosa hili ni la nyumba yetu. Baba hayupo, mimi ndiye mkubwa. Nimekuja kulibeba, na Sakaya aseme anachotaka tumpe."

Hakimu hakujua Kimaasai, wala wale wazee wawili hawakukijua, na wakati ule mawakili hawakuruhusiwa katika mahakama za mwanzo. Sakaya hakujua Kiswahili, kwa hiyo mtu pekee mle ndani aliyeelewa alichosema Lesian, kwa nini alikisema, na kilichotafsiriwa, alikuwa mdogo wangu. Mashauri yalikuwa kumi na manne siku hiyo. Anaeli alimgeukia hakimu akasema, "Anakubali kosa, Mheshimiwa," na katika jalada aliandika kwa mkono wake, *Ni kweli nilimpiga*. Lesian alihukumiwa kifungo cha miezi kumi na miwili, na alipokuwa anatolewa nje aliuliza fidia itajadiliwa lini.

Siku ya tatu, Ijumaa, mke wa Lesian, Nkasiogi, alifika mahakamani kwa miguu akiwa na mimba ya miezi sita, akasimama mbele ya meza ya karani.

"Wewe si mtoto wa Nosim?"

"Ndiye mimi, mama."

"Basi lugha yetu unaijua. Ulimsikia alivyosema. Mbona karatasi inasema kitu kingine?"

Marehemu alimjibu kwamba hukumu imekwisha kuandikwa, na kwamba asiyeridhika hukata rufaa. Hakumwambia kwamba siku za rufaa ni thelathini tu, wala hakumwambia kwamba karani anaweza kumsaidia mtu asiyejua kusoma kuandika sababu zake, wala hakumpa nakala ya hukumu. Nkasiogi alimtazama, akasema, "Mama yako angekuwa hai ningeongea na yeye," akaondoka.

Jumapili iliyofuata Anaeli alikuja nyumbani kwangu, akanieleza yote, akaniuliza afanye nini. Kaka yake alimwambia anyamaze, kwamba ana mke na watoto wawili wadogo na nyumba haijaezekwa, na kwamba karani anayejishtaki mwenyewe hapati kazi mahali pengine. Kwetu mdogo hambishii kaka yake. Anaeli alisema, "Nimekusikia, kaka," akavaa kofia akaenda. Tarehe 7 Aprili siku thelathini zilikwisha.

Tarehe 19 Mei 1983, bila kuniambia mimi wala mtu mwingine, alimwandikia Hakimu wa Wilaya barua ya ukurasa mmoja, akasema kwamba jibu lililoandikwa katika jalada lile si jibu la mshtakiwa bali ni la karani, akaomba jalada liitwe na kupitiwa. Liliitwa. Mahakama ya Wilaya iliona kwamba kukiri kule hakukuwa wazi, ikafuta hukumu, na Lesian alitoka gerezani Jumanne tarehe 5 Julai. Nyumbani wazee walikaa, Sakaya akapewa mtamba, yeye na Lemburis wakashikana mikono, na jambo lote likaisha kwa asubuhi moja.

Lakini tarehe 2 Juni Nkasiogi alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, wa kwanza kwao, na tarehe 21 Juni mtoto huyo alifariki, akazikwa, na baba yake hakumwona. Marehemu alikuwa akihesabu hivi: kama angeandika barua ile wiki ya kwanza, Lesian angekuwa nyumbani mwezi wa tano. Aliihesabu mbele yangu mara nyingi, na hakuna mara hata moja niliyoweza kumwambia amekosea hesabu.

Alipewa onyo la maandishi, hakufukuzwa, na hakupandishwa cheo tena. Kuanzia hapo, kwa miaka ishirini na mitano, alifika kazini saa moja na nusu asubuhi, akaketi kwenye benchi la nje pamoja na walioshtakiwa, akawaambia kila mmoja kwa lugha yake kwamba anaweza kukana, kwamba anaweza kuita mashahidi wake na kuwauliza maswali mashahidi wa upande wa pili, kwamba dhamana hainunuliwi, kwamba ada zinazotozwa ni zile zilizobandikwa ukutani na kila ada ina stakabadhi yake, na kwamba asiporidhika ana siku thelathini. Wenzake walimtania kwamba Akyoo anafundisha kipaimara. Hakimu mmoja alimwita chumbani akamwuliza, "Bwana Akyoo, unataka wote wakane?" Akajibu, "Hapana, Mheshimiwa. Nataka wajue wanachokubali."

Alistaafu mwaka 2008, akapanga chumba kidogo Ngarenaro, pembeni ya karakana ya kuchomea mageti, akawa anawaandikia watu sababu za rufaa. Kabla ya salamu kukamilika alikuwa ameshauliza hukumu imetoka lini, na vijana wa karakana wakampa jina la Babu Siku Thelathini. Mmoja wao alimwambia mbele yangu, "Shikamoo babu, chai hiyo hapo, na kabla hujauliza, imepikwa leo!" Alicheka siku hiyo. Naliandika hilo kwa sababu halikuwa jambo la kila siku.

Alikwenda Terrat kwa Lesian mara tatu kuomba msamaha, na kila mara alichukua jani la isale mkononi, kama sisi Wameru tunavyofanya mtu anapokwenda kwa aliyemkosea. Mara ya kwanza ilikuwa Agosti 1983. Lesian alimkaribisha ndani, akampa maziwa, akasema, "Maziwa kunywa, wewe ni mgeni. Hilo jani ondoka nalo." Mara ya pili, mwaka 1991, ilikuwa hivyo hivyo. Mara ya tatu, Novemba 2016, wote wawili wakiwa wazee, Lesian alimsindikiza mpaka kwenye boma la ng'ombe, akamwambia, "Karani, ulichoandika ulikiandika mbele ya watu. Hakimu alikuwepo, wazee walikuwepo, Sakaya alikuwepo. Hiki unachoniambia unaniambia kwangu, tuko wawili. Hayo hayalingani." Marehemu alirudi akanipa maneno hayo. Miaka iliyofuata alikuwa akitafuta mahali pa kusemea, akaandika karatasi, akaichana, akasema atasimama kanisani, na Jumapili ikifika alikuwa akikaa benchi la nyuma mpaka ibada inakwisha. Sikumsukuma. Mimi ndiye niliyekuwa nimemfundisha kunyamaza.

Ugonjwa wa kisukari aligundulika nao mwaka 2012, na Agosti mwaka jana figo zake zilianza kushindwa. Alilazwa mara nne, mara ya mwisho tarehe 27 Januari mwaka huu. Tarehe 9 Februari aliniita, akamwomba Diana atoke nje, akaniambia, "Kaka, sitaweza kusimama tena mbele ya watu. Nisomee wewe. Taja jina langu na jina lake, na utaje kilichoandikwa." Nilimwambia, "Nimekusikia." Alifariki Jumatano tarehe 12 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, mke wake akiwa pembeni yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia tangu Agosti, na hasa wauguzi wa zamu ya alfajiri ile waliomwachia mama Hanna muda wake bila kumharakisha. Tunawashukuru majirani wa Akheri kwa kuni, ndizi na usiku mliokesha nasi, wanakwaya, watumishi wa mahakama wa zamani na wa sasa, na vijana wa karakana ya Ngarenaro waliotengeneza msalaba na kukataa tulipie hata rangi. Ambao sikuwataja mnajua mlichofanya, na sisi tunajua.

Nimalize nilichoagizwa. Anaeli Thomasi Akyoo, karani wa Mahakama ya Mwanzo ya Engarasaa, tarehe 8 Machi 1983 aliandika katika jalada kwamba Lesian Mollel wa Terrat alisema *ni kweli nilimpiga*. Lesian Mollel hakusema hivyo. Karani alijua, akanyamaza siku sabini na mbili, na mtoto wa Lesian na Nkasiogi akazaliwa na kuzikwa baba yake akiwa gerezani kwa maneno ambayo si yake. Aliyemshauri karani anyamaze ni mimi, Nathanael Thomasi Akyoo. Haya yamesemwa mbele ya watu.

Jumamosi Nelson alikwenda Terrat kuipeleka taarifa ya msiba, na Mzee Lesian alimjibu, "Nimesikia." Ninapoandika haya sijui kama atakuja, na ninaposoma sioni vizuri mpaka kule nyuma. Mzee Lesian, kama upo, familia inakuomba uweke udongo wa kwanza baada ya mchungaji, na jani la isale liko mkononi mwa mama Hanna. Ukipokea, tutashukuru. Ukikataa, utakuwa umekataa kwa haki yako, na hakuna mtu hapa atakayekuuliza sababu. Ukikaa kimya, tutakusubiri kidogo, kisha tutamzika ndugu yetu, na kimya chako hatutakipa maana yoyote ambayo wewe hukuipa.

Mdogo wangu Anaeli, nimesoma kama ulivyoniagiza. Lala sasa, Mungu akupe usingizi ambao hukuupata hapa.