Mbuzi wa Mzee Kalmurat na Sanduku la Kioo

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya. Ndugu Mkurugenzi wa Makumbusho, uliyetufikia kutoka mjini na sanduku lako la kioo. Wazee wetu wa At-Bashi. Wanachama wenzangu wa Chama cha Wachonga Mbuzi. Na wewe, Mzee Kalmurat, ambaye leo tunakuaga kama mwenyekiti wetu: amani iwe juu yenu nyote.

Ratiba inasema mimi, Burulcha, nitatoa maneno mafupi ya shukrani, kisha mbuzi akabidhiwe makumbusho. Maneno mafupi sijapata kuyajua, ninyi ni mashahidi. Hilo la pili, Mheshimiwa, naomba radhi mapema, maana nimekusudia kulichelewesha.

Nani hapa hamjui mbuzi huyu? Amechongwa kwa mti wa mreteni, shingo, kiuno na miguu vikaungwa kwa pini ndogo. Chini ya ubao wake unapita uzi unaofungwa kwenye kidole cha mpigaji komuzi, hii gambusi yetu ya nyuzi tatu, ili mkono unapopiga, mbuzi naye acheze. Sote tunachonga wa kwetu baada ya kazi, jikoni, wake zetu na waume zetu wakilalamikia vumbi la mbao. Lakini wa kwetu wanarukaruka tu. Wa Mzee Kalmurat anasita, anageuza shingo, anasikiliza, ndipo anaruka. Mzee ametibu mifugo ya wilaya hii maisha yake yote, na bado nadhani alimpenda huyu wa mbao kuliko wote.

Sasa mkono wake unatetemeka, hawezi tena kupiga. Tulijaribu sisi, mbuzi akapepesuka kama mlevi wa harusini. Siku ya Nooruzi, sikukuu yetu ya mwaka mpya, akajaribu binti yake, Nurzat, mbele ya uwanja mzima, na mbuzi akaanguka chali. Mnakumbuka Mzee alisema nini? "Toka hapo! Hivyo vidole ni vya kukandia unga. Bora nimpeleke kwenye kioo kuliko kumwona akidhalilishwa." Watu wakacheka. Nurzat alimwokota mbuzi, akampangusa vumbi, akamrudisha kwa baba yake.

Mzee, usinitolee macho. Nakuheshimu kama baba, ndiyo maana nayasema haya ukiwepo.

Tangu uugue, nani anakuosha mkono huo? Ni yeye. Na katika kuuosha akakuta sugu nyembamba ya uzi, si kwenye kidole cha shahada, tunapofunga sisi sote kama walivyofunga babu zetu, bali kwenye kidole cha pete. Kidole chako cha shahada kiliharibiwa na baridi ya malishoni kabla hujamchonga mbuzi huyu, ukahamisha uzi, ukamchonga afuate kidole hicho kingine. Hukutuficha, hatukukuuliza. Sisi tulifunga kwa mazoea, wewe ukatutukana kwa mazoea, na binti yako akabeba aibu isiyo yake. Iliniuma, na inaniuma hadi leo.

Aliponieleza haya, nilimwuliza, "Mbona humwambii?" Akanijibu, "Mama Burulcha, nikimwambia atasema namfundisha kazi. Mwache asikie mwenyewe."

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, sanduku lako lisogee kidogo. Nurzat, mwanangu, njoo ukae na komuzi. Mbuzi akianguka, nitambeba mwenyewe hadi kwenye gari lao, na hakuna atakayenisikia nikibisha tena. Akicheza, anabaki At-Bashi, mkononi mwako. Mzee, mbuzi ni wako. Ukisema hapana, tunaacha. Lakini useme sasa, ukimtazama mwanao usoni.

Mzee, mbona unasimama?

Ndugu zangu, tulieni, mpisheni. Msimshike, anaweza. Nurzat, kaa hapo hapo, usikimbie. Mzee, mkono unatetemeka, nikusaidie kufunga huo uzi?

Amekataa. Walio nyuma hamkusikia, basi nawaambieni alichomwambia binti yake: "Nyoosha kidole. Si hicho, cha pete. Na usikaze mkono, mbuzi wangu hapendi."

Wageni waalikwa, nilikuwa na sifa nyingine za kusoma; zimenitoka. Nawashukuruni kwa masikio mliyoniazima. Sasa mpeni huyu binti.