Ruphin Chama, Aliyepima Habari Jikoni

Ndugu, jamaa na marafiki, nivumilieni kidogo. Magari yanangoja na mvua inakusanyika, kwa hiyo nitasoma haraka. Kaka yangu mwenyewe hakupenda maneno marefu.

Ruphin Chama alizaliwa Likasi tarehe 19 Juni 1959, mtoto wa pili wa Papa Dominique Chama, mfanyakazi wa reli, na Mama Deborah Kapya. Alisoma shule ya msingi kwa mapadri huko Likasi, akapata diploma ya sekondari hapa Lubumbashi mwaka 1979. Walimu walilalamika kwamba hatulii kwenye benchi. Hakutulia popote, hata misa aliisikiliza amesimama mlangoni.

Mwaka 1984 aliingia redioni, akawa mhariri wa habari hadi alipostaafu mwaka 2021. Kazi yake ilikuwa kuchagua habari kuu, ambayo waandishi wetu huiita la une: ile inayofungua taarifa kabla ya nyingine zote.

Tarehe 8 Agosti 1987 alifunga ndoa na Mama Marceline Chilufya, huku Kampemba. Ndoa hiyo ilimpa na kipimo cha kazi. Kila mchana alimsomea mkewe vichwa vya habari huku mama anasonga bukari, ugali wetu. Habari iliyousimamisha mwiko ndiyo iliyotangulia redioni. Waziri amefika, mwiko unaendelea. Bei ya unga imepanda, mwiko umesimama. Sisi tulibaki tunakula bukari yenye mabonge, yeye ameshatoka mbio kwenda kazini.

Kisukari kilimshika mwaka 2019, kikaharibu figo. Jumatano, tarehe 5 Februari 2025, Mama Marceline alikuwa akimlisha uji hospitalini redio ilipofungua taarifa kwa hoteli mpya ya mtaa wa Golf. Mwishoni kabisa ikataja ukuta uliolainishwa na mvua ukaangukia familia moja mtaani Katuba. Kijiko kikasimama. Kaka akadai simu, akampigia Huguette, mhariri aliyefundishwa kazi naye na kuachiwa kiti chake.

— Huguette, bantu bamekufa ku Katuba, na weye unaanza na hoteli?

— Papa, ni patron wa redio alisema vile.

— Patron njo anapikaka bukari?

Jioni Huguette alifungua kwa Katuba, akasoma majina ya waliokufa wote. Ruphin alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba uji uliobaki. Alifariki alfajiri ya Alhamisi. Siku hiyo hiyo Huguette alisimamishwa kazi, na jambo hili linaniuma hata ninapolisoma.

Jana mchana redio ilifungua taarifa kwa kifo cha kaka. Asante, patron, tunakuona umekaa hapo mbele. Mama Marceline alikuwa anasonga bukari ya watu wa kilio, na mwiko haukusimama.

— Hiyo niko najua, alisema. Baseme habari ya Huguette.

Ameacha mjane, Marceline, watoto, Ephraïm na Nono, wajukuu, mimi mdogo wake, Régine, na Huguette, binti aliyemlea kazini, ambaye leo hana kazi.

Kaka, pumzika kwa amani. Sisi bado hatujatulia.