Nani Kamaliza Samaki?

Boti ya abiria ilikuwa inapanda mkono wa mto katikati ya mikoko, na Warda, aliyeketi ubavuni, hakuwa na pa kuyaficha masikio yake. Mbele yake mkulima wa mpunga alikuwa anamkaripia Bi Mwanasiti, muuza dagaa.

"Bi mkubwa, nyinyi na vyandarua vyenu ndio mmemaliza samaki. Mnazoa mpaka vichanga!"

"Na hivyo vichanga vilikuwa vinakulia wapi, mwanangu, kama si kwenye mizizi ya mikoko? Mikoko kaikata nani? Umelima mpunga, ukanyunyiza dawa ya magugu, halafu mchawi unamtafuta kwenye ndoo yangu!"

"Tusilime? Watoto wale nini?"

"Wangu wanakula upepo?"

Warda alitaka kucheka, akaona bora aangalie maji.

Ghafla boti ikagonga kitu, mashine ikazimika. Nahodha akachungulia: wamekwama juu ya kisiki cha mkoko, na pangaboi la mashine limezongwa na chandarua kikuukuu. Mkulima akatoa kifua mbele. "Umeona?"

Bi Mwanasiti alikwishajifunga kibwebwe. "Chandarua nakinasua mimi, sasa hivi," akasema, mguu mmoja tayari majini. "Wewe shuka ukakirudishie kisiki chako matawi."