Barua Tano za Mtawa na Moja ya Deolinda

Benchi liko Beja, Ureno, kwenye kivuli cha ukuta wa iliyokuwa nyumba ya watawa, hatua kumi kutoka mkahawa wa Dona Ermelinda. Kila asubuhi hukaa watatu. Karani alifanya kazi mahakamani miaka thelathini na moja. Nyigu alikuwa kinyozi, na jina alilipata kwa ulimi, si kwa wembe. Wa tatu ni Firmino, tunayemwita Gome, kwa kuwa maisha yake yote alibandua magome ya miti ya vizibo vya chupa. Gome hajui kusoma. Jumatatu alipata barua kutoka Ufaransa na Karani akamsomea hapo hapo benchini, kwa hiyo mji mzima unajua: Deolinda, msichana wake wa ujanani, aliyeondoka mwaka sabini na moja, sasa ni mjane, na anauliza kama anaweza kuja kumwona Septemba. Leo ni Ijumaa. Gome hajajibu.

— Sijibu — alisema Gome. — Deolinda hajui kuandika, kama mimi tu. Mwandiko huo umenyooka kama reli. Kuna mtu ananichezea.

— Si ajabu — alisema Nyigu. — Hata mtawa wetu wa humu ndani, wa zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, walimfanyia hivyo. Barua tano za mapenzi kwa ofisa Mfaransa, dunia nzima inalia, kumbe kaandika mwanamume mmoja huko Paris ambaye Beja hajawahi kuiona.

Karani aliweka kikombe chini.

— Aliandika mwenyewe. Mwanamume hawezi kulalamika hivyo kurasa zote.

— Wewe hujamsikia Gome akiumwa jino.

— Basi zile alizoandika kwa Kireno ziko wapi? — aliuliza Gome. — Si ulisema zilichapwa kwa Kifaransa tu?

— Zilipotea.

— Zilipotea — alirudia Nyigu. — Mahakamani mtu akikwambia hati imepotea ulikuwa unamwachia nyumba? Mimi nasema waliandika watawa watano, kila mmoja barua yake. Ndiyo maana ya kwanza ina matumaini na ya mwisho ina hasira. Ya mwisho aliandika mpishi.

— Mpishi hakujua kusoma, bwana.

— Alisema, mwingine akaandika. Au mkuu wao ndiye aliyepanga mambo yote, nyumba ipate jina. Na jina si imepata? Watu wanatoka Japani kuja kupiga picha dirisha alilokuwa akimchungulia ofisa.

— Na ya kwangu kaandika nani? — aliuliza Gome.

Hapo walikuwa na majibu mengi zaidi. Karani alimtaja mpwa wa Deolinda, anayefanya kazi katika ofisi ya wakili. Nyigu alimtaja padri. Halafu akasema ni serikali ya Ufaransa, inataka kujua ni Wareno wangapi wazee bado wako hai.

— Mimi sikuwahi kukaa Ufaransa.

— Ndiyo maana hawana uhakika na wewe.

Gome hakucheka. Aliitoa barua mfukoni na kumpa Karani.

— Soma pale pa mti.

Karani alivaa miwani.

— "Ule mti wa kisimani umeandikwa namba gani sasa?"

Mti ukishabanduliwa, shina huandikwa kwa rangi tarakimu ya mwisho ya mwaka ule, asije mtu akaugusa kabla ya miaka tisa.

— Huyo ni mpwa — alisema Nyigu. — Anapima mali.

— Mali gani? Shamba si langu. Mwaka ule alioondoka nilipaka moja. Deolinda alikuwa ameshika kopo la rangi. Hapakuwa na mtu mwingine.

— Basi alimsimulia mpwa.

— Miaka hamsini na kitu amekaa na kopo la rangi kichwani, halafu akamsimulia mpwa — alisema Karani polepole.

Ivone, anayeleta mkate kutoka Moura, alikuwa amesimama na kreti tupu na kalamu, akimsubiri Dona Ermelinda asaini daftari la mkate. Njia hii ni mpya kwake.

— Samahani, wazee wangu — alisema. — Huyo Mfaransa alimjibu?

— Nani?

— Mtawa. Aliandika barua tano. Huyo ofisa alijibu?

Wamebishana juu ya barua hizo tangu niwajue, na hilo halikuwahi kuulizwa.

— Hakuna anayejua — alisema Karani.

Gome alisogea, akaacha nafasi benchini.

— Binti, hiyo kalamu inaandika?

— Inaandika.

— Kaa basi, uniandikie.

Ivone aliweka kreti chini, akafungua daftari la mkate ukurasa mweupe.

— "Deolinda, barua yako imefika Jumatatu" — alisema Gome.

— Anza na "mpenzi" — alisema Nyigu.

— Nyigu, nyamaza. "Njoo hiyo Septemba. Nitakupokea kituoni mimi mwenyewe. Nimechelewa kukujibu kwa sababu ya ujinga."

Karani alikohoa.

— Weka "kwa sababu zilizo nje ya uwezo wangu". Ndivyo inavyoandikwa.

Ivone alisubiri, kalamu juu ya karatasi.

— Ujinga — alisema Gome. — Andika ujinga.