Binti Juu ya Kreti

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao lenye mguu mfupi, limeegemezwa ukutani nje ya kibanda cha fundi viatu, na anayechelewa hukalia kreti la soda. Fundi mwenyewe wanamwita Kimya, kwa kuwa anaweza kushona soli mbili kabla hajamaliza sentensi moja. Lakini jioni ile ndiye aliyetakiwa kusema, maana mkewe alikuwa amerudi kutoka hospitali akiwa mzima, na wenzake walitaka kujua shemeji yao alivyopona.

Akasimulia macho yakiwa kwenye uzi. Jumatatu alimfikisha mkewe hospitali akiwa hoi kwa homa, hata kusema hawezi. Muuguzi akauliza kama kuna dawa inayomdhuru mgonjwa. Kimya aliijua vizuri, tangu mwaka juzi ilipomvimbisha mkewe koo nusura wamzike. Akafungua mdomo, maneno yakamkauka. Akabaki kujiumauma mbele ya watu, na muuguzi, aliyekuwa na foleni ndefu, akashika sindano yake. Hapo ndipo binti wa Kimya, mtoto wa miaka tisa, aliposogea mbele na kusimama wima.

— Mimi ni binti yake. Mwaka juzi mama alichomwa penisilini akavimba koo. Naomba msimpe.

— Ikawaje? aliuliza Kinyozi kutoka kwenye benchi.

— Akaiweka chini, alisema Kimya. Ndiyo hiyohiyo aliyokuwa ameishika.

Kisha akajifanya anatafuta gundi, maana machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Kijiwe, kama kawaida yake, kikaanza kugombea sifa. Wote walimjua yule mtoto kwa sababu ya kreti. Mwalimu wake alikuwa amewapa wanafunzi kazi: kila wiki watafute watu wasio wa nyumbani kwao, wasimame mbele yao, waseme wao ni nani, kumetokea nini na wanataka nini. Basi kila Ijumaa binti alipanda juu ya kreti, na kijiwe kikamsikiliza. Mara ya kwanza aliishia kulia. Mara ya tatu alieleza jinsi paka wao alivyopotea, akaomba asaidiwe kumtafuta, na watu wazima na ndevu zao wakaacha vikombe wakaingia vichochoroni.

— Nani alimzoesha kutazama watu usoni? alisema Kinyozi. Kioo changu. Akija dukani anajitazama mpaka namwambia inatosha.

Redio, mstaafu ambaye hazimwi wala hapunguzwi sauti, akacheka. Kwa maelezo yake, mtoto alinyonya huku taarifa ya habari ikisikika kutoka dirishani kwake, ufasaha ukamwingia pamoja na maziwa. Bi Birika, muuza kahawa, akasema hizo ni porojo. Kilichomfungua koo ni tangawizi aliyomwonjesha akiwa na miaka mitatu. Redio naye akapanda dau. Mama mtu alipokuwa mjamzito, alisema, aliwahi kuruka waya wa antena yake, na shahidi yupo. Alipoulizwa shahidi ni nani, akajibu amehama.

Juu ya kreti alikuwa amekaa mama mmoja mgeni, kiatu kimoja mguuni, kingine mikononi mwa Kimya.

— Samahani, ndugu zangu, alisema. Na huyo mwalimu, nani kati yenu amekwenda kumshukuru?

Bi Birika akainamisha birika, hakukutoka kitu. Redio akapangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Kimya aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Miaka mitatu alikuwa akimtuma mkewe kwenye mikutano ya wazazi, kwa sababu kule mzazi huinuliwa aseme chochote. Mwalimu aliyemwokolea mke hakumjua hata kwa sura.

Binti akatokea kumwambia baba yake kwamba mama anamwita akale.

— Mkutano wenu ni lini? Kimya akamuuliza.

— Kesho asubuhi. Mama amesema bado hana nguvu za kwenda.

Kimya akamkabidhi mgeni kiatu chake, akamwomba radhi ainuke, akaligeuza kreti na kulipanda.

— Anza na wewe ni nani, baba, alisema binti taratibu.

— Mimi ni fundi viatu. Mke wangu nusura afe. Binti yangu alisema, na mama yake yupo nyumbani, anapika.

Akakwama. Walimngoja, hata Redio hakumkatiza.

— Ninachotaka, alisema Kimya, ni kumwambia mwalimu ahsante. Kwa mdomo wangu mwenyewe.

— Sauti, baba. Wa nyuma hawajasikia.

Nyuma hakukuwa na mtu, ni barabara tu. Kimya akavuta pumzi, akaanza upya.