Sifi Kabla ya Saa Sita Mchana

Sogeeni, wanangu, mnisikie vizuri, na wewe Rodante toka hapo mlangoni; fomu ya kuchukua nafasi yangu nimeiona mfukoni mwako tangu alfajiri, umeshaijaza, inangoja tu mimi nikate roho. Leo watu wanapiga kura ya umeya na jina langu limo kwenye karatasi, na sheria mnaijua: mgombea akifa kabla ya saa sita mchana, ndugu mwenye jina lake la ukoo anarithi kura zake, akifa baada ya hapo, basi tena. Naapa, sifi kabla ya saa sita.

Nimegombea mara tisa, tangu udiwani mpaka umeya, saba nimeshinda, mbili nimeangushwa. Ushindi wa kwanza niliupata kwa kura kumi na tisa, nikikanyaga matope ya mashamba ya mpunga, nikila wali na samaki mkavu kila nyumba, na huo ndio pekee nisiouonea haya. Mara ya tatu niliona naanguka, nikawaambia vijana wangu sanduku la kura la shule ya Lawaan lisifike mjini. Sikusema wachome shule, haki ya Mungu sikusema. Mwalimu Teodulo, msimamizi wa kura, alikataa kuliachia, akaungua amelikumbatia. Nikashinda. Nikabeba jeneza lake, na mkewe Pacita akanishukuru mbele za watu. La kuvunda halina ubani.

Pacita huyo leo anagombea umakamu wa meya, hana mpinzani. Nikifa baada ya saa sita nikiwa nimeshinda, kiti ni chake, na ni haki yake. Nyumba na minazi gawaneni sawasawa. Mji si urithi. Jana, Rodante, ulinicheka: “Baba, ulipokuwa na meno ulitafuna, leo kibogoyo unatuhubiria kufunga?” Umenipata, sibishi. Lakini umejaza watu wenye bunduki kwenye ghala la mpunga, nami nakuogopa, mwanangu wa kumzaa.

Nini? Sita imefika? Ile saa ya ukutani… ndiyo, sita na dakika mbili. Ee Mungu, asante. Basi nimemaliza. Ligaya, binti yangu, chukua mkono wangu uuweke kwenye paji la uso wako, nikubariki. Mungu akutunze, akupe usingizi usio na moshi ndani yake. Rodante, njoo na wewe, mimi ni baba yako. Mungu awa… awape…

Ngoja. Mbona kengele ya kanisa haijalia? Mbona jua bado limelala sakafuni, karibu na kitanda? Rodante, nitazame. Umeisogeza saa.

Ahaa! Mwosha huoshwa. Wizi huo umeusomea kwangu, nimlaumu nani? Ligaya, sema kweli, ni saa ngapi? Nne na nusu… saa nzima na nusu bado. Niinueni, msinilaze. Nimwagie maji usoni. Nifinye, binti yangu, nifinye kwa nguvu, uniumize, usiniache nilale.