Harusi Isiyo na Muziki

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la dobi, na dobi mwenyewe, ambaye sote tunamwita Pasi, hunywa kahawa huku akichungulia ndani nguo zisije zikaungua. Jumatatu ile alikuja kifua mbele. Jumamosi alikuwa amemwoza binti yake, na mtaa mzima ulikuwa unaisema harusi hiyo kwa sababu haikuwa na muziki hata chembe.

Binti ana usonji. Daktari alikuja kuwatajia wazazi jina hilo binti akiwa mtu mzima, tayari fundi wa mapazia anayetegemewa. Kabla ya hapo alipewa majina mengine: mwenye maringo, mkaidi, asiyesalimia watu. Makelele humuumiza kama jino bovu. Kwa hiyo alipochumbiwa alisema anataka watu wachache, spika zisiwepo, vigelegele visipigwe, na atakayetaka kumkumbatia amwulize kwanza. Mama zake wadogo waliwaka. Pasi akawaambia asiyeweza abaki kwake.

Pale kijiweni aliyeumia zaidi ni Maiki, maana yeye hukodisha vyombo vya muziki.

— Ndoa ambayo majirani hawakuisikia haijashika, alisema. Hapo bado ni wachumba tu.

Diwani, ambaye hajawahi kushinda uchaguzi wowote, akaenda mbali zaidi. Alidai watoto watakaozaliwa watachelewa kusema, na kwamba maharusi wakigombana, hakimu atataka shahidi aliyesikia shangwe kwa masikio yake.

— Na wewe Pasi, akamalizia, ulikubali vipi? Si ungemwambia avumilie siku moja tu, awe kama watu?

Pasi akaweka kikombe chini.

— Kavumilia maisha yake yote. Shuleni, misibani, kwenye harusi za watoto wenu. Siku yake mwenyewe avumilie kwa ajili ya nani? Mimi nilimwona akila, Diwani. Nilimwona akicheka na mumewe mpaka akafuta machozi. Mbele za watu sijawahi kumwona hivyo.

Binti mwenyewe alikuwa ameshafika, amefuata mapazia ya mteja yaliyopigwa pasi. Hakutupatia mkono, nasi hatukuutarajia. Maneno ya mwisho aliyasikia.

— Nyinyi harusi zenu mlizifurahia? akauliza.

Hakuwa anatukejeli. Alitaka kujua. Nikajaribu kuikumbuka yangu, nikakumbuka viatu vilivyonibana na mkono uliochoka kupeana salamu. Maiki akatazama barabarani. Diwani akaagiza kahawa nyingine.

Binti akasubiri, maana kwake swali huulizwa ili lijibiwe. Kisha akasema hana haraka, atapita siku nyingine kulisikia jibu.

Pasi akaingia ndani, akatoka na mapazia begani. Wakaondoka pamoja, baba akimwachia binti nafasi kidogo ubavuni, kama apendavyo. Njia ya uchochoroni ilikuwa fupi zaidi, lakini mzee akachagua kupita katikati ya mtaa, kifua mbele.